Jinsi ya Kuandaa Hafla ya Jioni ya Kuwaenzi Polisi na Wazimamoto wa Eneo Lenu

Hafla ya kuwaenzi polisi na wazimamoto haifanani na hafla nyingine za jamii. Wanaoenziwa ni watumishi wa umma wenye mamlaka juu ya wanaowaenzi, wanafanya kazi kwa zamu, na wengi wao hawajazoea kusifiwa mbele ya watu. Ukumbi unaweza kupambwa ukapendeza, muziki ukawa mzuri, halafu ngao zikagawiwa kwa kufuata vyeo tu. Askari watapiga makofi kwa adabu, watarudi vituoni, na wataondoka wakijua kwamba hakuna aliyejua walichokifanya.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini inatumikia jambo moja: tuzo imfuate mtu kwa tendo alilolifanya, tendo lithibitishwe, na lisemwe kwa maneno ambayo hata mtoto aliye ukumbini atayaelewa. Jipeni miezi sita. Mkiwa na mitatu inawezekana pia, lakini acheni harambee na mbakize chakula na tuzo.

Hatua ya kwanza: onana na wakuu wa vituo

Kabla ya kukodi ukumbi au kuchapisha kadi, nenda mwenyewe kwa mkuu wa kituo cha polisi na kwa mkuu wa kikosi cha zimamoto. Peleka barua ya ukurasa mmoja inayoeleza nani anaandaa, kwa nini, na fedha zinatoka wapi. Kisha uliza mambo manne. Askari wanaruhusiwa kupokea zawadi za aina gani? Wanaruhusiwa kuvaa sare kwenye shughuli isiyo ya kiserikali? Ni nani hapaswi kupigwa picha wala kutajwa jina? Zamu zao zinabadilika saa ngapi?

Swali la zawadi lichukulieni kwa uzito. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, katika kifungu chake cha 8, unazitaka nchi wanachama zijitahidi kuweka utaratibu wa maofisa wa umma kutangaza zawadi kubwa zinazoweza kuleta mgongano wa maslahi, na idara nyingi zina kanuni kali kuliko hiyo. Ngao, cheti na barua ya shukrani kwa kawaida havina tatizo. Fedha taslimu, simu au safari ya kulipiwa vinaweza kumpeleka askari mwema mbele ya kamati ya nidhamu kwa sababu tu nyinyi mlitaka kumshukuru.

Swali la picha nalo lina uzito wake. Mpelelezi anayefanya kazi kwa siri, au askari anayeshughulikia kesi za ukatili dhidi ya watoto, anaweza kudhurika picha yake ikisambaa. Mtu wa namna hiyo atunukiwe kituoni, mbele ya wenzake, bila kamera.

Hatua ya pili: tenganisha wanaoandaa na wanaochagua

Undeni makundi mawili. Kamati ya maandalizi ishughulikie ukumbi, chakula, fedha na mialiko. Jopo la uteuzi liwe dogo, watu watano au saba, na asiwemo mfadhili hata mmoja. Wanaofaa ni mwalimu mstaafu, muuguzi wa chumba cha dharura, kiongozi wa dini, kijana anayeheshimiwa na wenzake, na mtu anayejua sheria. Muuguzi msimkose, kwa sababu ndiye anayewaona askari hao saa nane za usiku wakimleta majeruhi, na anajua nani hukaa kumshika mkono mgonjwa na nani humtua mlangoni akaondoka.

Mwanasiasa anayegombea nafasi asiwe kwenye jopo wala kwenye kamati. Anaweza kualikwa kama mkazi mwingine yeyote na kukaa mezani na majirani zake.

Hatua ya tatu: chagua tarehe inayozijua zamu

Zipo tarehe mbili zenye maana yake tayari. Tarehe 4 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto. Ilianzishwa mwaka 1999, baada ya wazimamoto watano wa kujitolea kufa Linton, jimbo la Victoria nchini Australia, tarehe 2 Desemba 1998, upepo ulipogeuka ghafla na moto wa msituni ukalizingira gari lao. Utepe wa siku hiyo una rangi mbili, nyekundu kwa moto na bluu kwa maji. Tarehe 7 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Ushirikiano wa Polisi, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, miaka 100 tangu kuundwa mjini Vienna kwa chombo ambacho leo ni INTERPOL, shirika la kimataifa la polisi. Kama hafla yenu inawaheshimu wote wawili pamoja, msilazimishe mojawapo, maana upande mmoja utajiona mgeni kwenye sherehe ya mwenzake.

Muhimu zaidi ni zamu. Vikosi vingi vya zimamoto hufanya kazi saa 24 mfululizo na kupumzika saa 48, na polisi wengi hufanya zamu za saa 8 au 12. Maana yake ni kwamba usiku wowote mtakaouchagua, sehemu ya wanaostahili kuwepo watakuwa kazini. Epukeni mwisho wa mwezi na sikukuu, siku ambazo simu za dharura huongezeka. Epukeni pia msimu wa ukame kama eneo lenu lina mioto ya misitu. Muombeni mkuu wa kikosi aulize kikosi cha jirani kama kinaweza kushika zamu kwa saa chache. Wakuu hukubali kwa urahisi ombi hili likija mapema.

Hatua ya nne: kusanya mapendekezo, kisha uyachunguze

Hapa ndipo hafla inapopata au kupoteza heshima yake, na hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wote wa maandalizi.

Fungueni milango mitatu ya kupokea mapendekezo: kwa wananchi, kwa askari wenyewe kuhusu wenzao, na kwa taasisi zinazofanya nao kazi kama hospitali na shule. Fomu iwe fupi. Nani? Alifanya nini? Lini na wapi? Nani mwingine aliona? Swali hilo la mwisho ndilo litakalowasaidia jopo. Wanaosita kuandika wapewe namba ya kupiga ili mtu wa kamati aandike kwa niaba yao. Wazee wengi waliookolewa wana mengi ya kusema na hawatajaza fomu kamwe.

Tangazeni kwamba mnatafuta matendo ya kila namna. Kuingia kwenye nyumba inayowaka ni tendo kubwa, lakini lipo pia la askari wa dawati la jinsia aliyemsindikiza mwanamke mmoja mahakamani tangu siku ya kwanza mpaka hukumu, na la mzimamoto anayezunguka shuleni kila muhula kuwafundisha watoto kutambaa chini ya moshi. Wakumbukeni wapokea simu za dharura. Hawaonekani eneo la tukio, lakini ndio wanaomwambia mama aliyechanganyikiwa namna ya kumkandamiza mtoto kifua mpaka gari lifike. Wakumbukeni pia mafundi wa magari na pampu, kwa sababu pampu isipowaka hakuna ushujaa unaoweza kuziba pengo lake.

Kisha anzeni uchunguzi. Kwa kila jina, jopo lizungumze na angalau mashahidi wawili: mmoja wa ndani ya kikosi na mmoja wa nje. Ulizeni idara kama kuna malalamiko au uchunguzi unaoendelea juu ya mtu huyo. Kama tukio linahusiana na kesi iliyoko mahakamani, liahirisheni hadi mwaka mwingine. Sifa mnazozitoa jukwaani zinaweza kutumika na upande wowote wa kesi, na mtuhumiwa naye ana haki ya kusikilizwa bila jamii kuwa imeshahukumu.

Katika hili sina budi kusema wazi jambo ambalo kamati nyingi hulikwepa. Katika jamii karibu zote wapo watu waliowahi kuumizwa na polisi, wao au watoto wao. Watakapoona tangazo la hafla wataumia upya. Msiwanyamazishe, na msiwaone kama maadui wa sherehe. Wapeni nafasi ya kusema na jopo kwa faragha, na waliyoyasema yazingatiwe katika uchunguzi. Mkifanya hivyo kwa dhati, askari atakayetajwa jukwaani atakuwa amepita kwenye macho ya wote, na hakuna atakayenong'ona pembeni kwamba tuzo ilinunuliwa. Msitunuku idara nzima kwa maneno ya jumla. Tunukuni watu na matendo yao.

Idadi: tuzo kumi na mbili zinatosha. Kila moja ikichukua dakika 3, hiyo ni dakika 36, na hapo wageni bado wanasikiliza. Zikifika thelathini, hata shujaa wa mwisho atapigiwa makofi ya uchovu.

Hatua ya tano: andika sifa za tuzo

Maelezo yatakayosomwa yaandikwe na mtu mmoja mwenye kalamu nzuri, ili yawe na sauti moja. Maneno 100 hadi 120 yanatosha. Yatasomeka kwa takriban dakika moja.

Huu ni mfano wa sifa isiyosema kitu: "Anatunukiwa kwa ushujaa, uadilifu na utumishi uliotukuka." Sasa tazama hii: "Usiku wa mafuriko aliingia mara mbili kwenye nyumba iliyojaa maji, akamtoa bibi na wajukuu wake wawili. Kisha alisimama kwenye lango la mtaa akiita majina ya majirani mmoja mmoja, na hakuondoka mpaka wote walipoitika." Ya pili haina neno ushujaa hata mara moja, na hakuna atakayeuliza kama ulikuwepo.

Kila maelezo mwonyesheni mhusika kabla ya usiku huo. Atasahihisha jina la mtaa, ataongeza mwenzake mliyemsahau, na mara nyingi ataomba jambo fulani liondolewe. Liondoeni. Inawezekana tukio mnaloliona ushindi lilikuwa na mtu mwingine ambaye hakuokolewa, na yeye ndiye anayemkumbuka kila siku.

Kwa sababu hiyo hiyo, msimletee mtu kwa kushtukiza. Kumficha mtoto aliyeokolewa nyuma ya pazia na kumtoa ghafla kunaweza kumvunja askari mbele ya watu mia tatu, na mtoto naye akaogopa. Kama aliyeokolewa na familia yake wanataka kuonana naye, wakutanisheni chumba cha pembeni saa moja kabla, bila kamera. Wakikubaliana wenyewe kupanda pamoja jukwaani, itakuwa heri. Picha za nyumba zilizoungua zioneshwe kwa idhini ya mwenye nyumba tu. Sauti za ving'ora na milio ya risasi kwenye video ziacheni kabisa.

Hatua ya sita: fedha

Andikeni bajeti yenye mstari kwa kila kitu, na mweka hazina awe na mtu wa pili wa kutia sahihi. Askari wanaotunukiwa na mtu mmoja wa familia zao wasilipe chochote. Gharama zao zibebwe na meza zinazonunuliwa na wengine. Meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 180 huketisha watu kumi, kwa hiyo hesabu ya meza mtakazouza ni rahisi kuipata.

Mfadhili yeyote mchunguzeni. Mwenye jengo linalosubiri ukaguzi wa zimamoto, au mwenye kesi inayochunguzwa na polisi wa eneo hilo, fedha zake zirudishwe kwa heshima. Nembo za wafadhili ziwe kwenye ukurasa wa mwisho wa ratiba, zisiwe kwenye ngao.

Mkiamua kuchangisha kwa ajili ya vifaa, msiviamue nyinyi. Mitungi ya hewa, barakoa na mavazi ya kuzimia moto vina viwango, muda wa matumizi na mahitaji ya matengenezo, na vifaa vilivyokwishatumika vinaweza kumuua anayevivaa. Muombeni mkuu wa kikosi orodha yenye kipaumbele. Jambo ambalo huwa halimo kwenye orodha, nanyi mnaweza kuliuliza, ni mashine ya kufulia mavazi yenye masizi na mahali pa kuogea mara baada ya tukio. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la 1, la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Jamii inayonunua mashine ya kufulia inalinda maisha ya askari wake kwa miaka mingi.

Hatua ya saba: ukumbi

Ingekuwa aibu kubwa kuwaalika wazimamoto kwenye ukumbi ambao milango yake ya dharura imefungwa kwa kufuli. Wao wataiona kabla hawajaketi, na hawatapata raha usiku mzima.

Kagueni ukumbi wenyewe, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Milango ya dharura ifunguke kwa kusukumwa nje, bila ufunguo, na njia ya kuifikia isizibwe na meza ya zawadi wala spika. Sababu imeandikwa kwa vifo. Tarehe 28 Novemba 1942, katika ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston, watu 492 walikufa; mlango mkuu wa kuzunguka ulikwama kwa msongamano, na milango mingine ilikuwa imefungwa au inafungukia ndani. Tarehe 20 Februari 2003, huko West Warwick katika jimbo la Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani kwenye klabu ya The Station na watu 100 wakafa, wengi wao wakikimbilia mlango ule ule walioingilia. Kwa hiyo hafla yenu isiwe na fataki za ndani, mapazia yasiyojulikana kama yanashika moto haraka, wala mishumaa ya moto halisi mezani. Mshereheshaji afungue usiku kwa kuonesha milango yote kwa mkono. Ni sekunde ishirini, na hakuna wageni watakaozithamini kuliko hawa.

Tengeni maegesho karibu na lango kwa gari la zimamoto na la doria, yakiwa yameelekezwa nje, na mlinzi wa kuhakikisha hakuna gari la mgeni linaloyaziba. Walio kwenye lindo waketi meza iliyo karibu na mlango, redio zao zikiwa wazi. Chakula chao kipakuliwe kwanza. Wakiitwa katikati ya hotuba, mwongeaji anyamaze, watu wapishe njia, na sahani zao zifunikwe. Waambieni wahudumu hili mapema, wasije wakaziondoa.

Hatua ya nane: itifaki na ratiba

Maofisa wa itifaki wa vikosi wanajua nani anaketi wapi. Waachieni meza kuu. Meza nyingine zote changanyeni: askari wawili, wake au waume zao, na wakazi sita. Mkiwaacha wakae kwa vikosi, polisi watazungumza na polisi na wazimamoto na wazimamoto, na wananchi watabaki watazamaji.

Ratiba nzima isizidi saa mbili na nusu. Chakula kiliwe kabla ya tuzo, kwa sababu aliyetoka zamuni asubuhi ana njaa. Risala ya wananchi isomwe na mkazi wa kawaida kwa dakika tano. Mgeni rasmi apewe dakika kumi, na aambiwe hivyo kwa barua wiki mbili kabla. Vileo, kama mtaamua viwepo, visifike kwenye meza ya walio lindoni. Wahudumu wasimshawishi yeyote aliyevaa sare.

Mwenzi wa askari aitwe jukwaani pamoja naye. Yeye ndiye anayelala nusu usingizi simu ikiwa karibu, na tuzo ni yake pia.

Hatua ya tisa: waliokufa kazini

Kama eneo lenu limepoteza askari, mwiteni kila mmoja kwa jina lake kamili. Zungumzeni na familia mwezi mmoja kabla: kuna inayotaka kuwepo, kuna inayotaka jina litajwe bila yenyewe kuonekana, na kuna ambayo bado haiko tayari. Zote zina haki.

Wazimamoto wengi wana desturi ya kengele kwa ajili ya mwenzao aliyekufa. Ilitokana na enzi za telegrafu nchini Marekani, ambapo katika jiji la New York mapigo matano yaliyorudiwa mara nne yalivitangazia vituo vyote kwamba mzimamoto amefariki. Waulizeni kama kikosi chenu kinaifuata kabla ya kuiweka kwenye ratiba, na kama kinaifuata, apige mmoja wao. Baada yake watu wasimame kimya dakika moja kamili, kwa saa mkononi, na mshereheshaji asiikatishe.

Sehemu hii iwekwe mwanzoni, kabla ya chakula. Ikiwekwa mwisho, familia zitarudi nyumbani zikiwa peke yake na uzito huo.

Hatua ya kumi: siku yenyewe

Mtu mmoja tu awe na neno la mwisho kuhusu ratiba, na namba yake wawe nayo wote. Ngao zipangwe mezani kwa mfuatano wa kusomwa, majina yakiwa yamehakikiwa herufi kwa herufi siku mbili kabla. Mshereheshaji afanye mazoezi ya kuyatamka majina yote na vyeo vyote.

Hatua ya kumi na moja: wiki mbili zinazofuata

Kesho yake asubuhi pelekeni chakula na ngao kwa waliokuwa zamu, mkiwafuata vituoni kabla hawajabadilishana, na maelezo yao yasomwe hapo hapo mbele ya wenzao kama yalivyoandikwa.

Ndani ya wiki, kila aliyetunukiwa aandikiwe barua rasmi yenye maelezo kamili ya tendo lake, na nakala ipelekwe kwa mkuu wake ikiombwa iwekwe kwenye jalada la utumishi. Ngao hukaa sebuleni, lakini barua iliyo kwenye jalada itasomwa siku ya kufikiriwa kupandishwa cheo. Picha zichujwe na ofisa wa kila kikosi kabla hazijasambazwa.

Ndani ya wiki mbili, mweka hazina abandike hesabu mahali pa wazi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na kilikokwenda. Walioandika mapendekezo yasiyofanikiwa wajibiwe kila mmoja, na askari waliopendekezwa wapewe nakala ya walichoandikiwa, wakikubali walioandika. Fomu hizo jopo lizihifadhi pahali salama, pamoja na majina yaliyoahirishwa kwa sababu ya kesi, ili jopo la mwaka ujao lianze na hayo.